Mashine ya Kukaa Sebuleni

Nilinunua mashine ya gemu nikiwa na miaka hamsini na mmoja, futi ya fundi cherehani ikining'inia shingoni. Naanza na futi kwa sababu watu wa hapa Githongo, Meru, wakisimulia kisa hiki huanza na futi, tena kwa kicheko, kana kwamba nilienda dukani kuipima mashine suruali. Ni kweli niliipima. Nilikuwa na sababu yangu, na sikumwambia mtu.

Mwanangu wa mwisho alikuwa anamaliza darasa la nane. Dada zake wawili walikuwa wameshaolewa, na baba yao tulimzika kijana akiwa darasa la tatu, kwa hiyo nyumbani tulibaki wawili tu. Kila jioni, nikishafunga kibanda changu cha kushona pale sokoni, tulikaa sebuleni tukatazama taarifa ya habari. Mimi hugombana na televisheni. Waziri akisema upuuzi namjibu palepale, na mwanangu alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu, kisha ananiuliza swali la kunichokoza ili niendelee. Rimoti ilikaa mfukoni mwa aproni yangu pamoja na chaki, maana angeachiwa yeye angehamia kwa mpira. Vitufe vya ubavuni mwa ile televisheni vilikufa zamani, hivyo mwenye rimoti ndiye aliyekuwa serikali.

Sasa, mvulana wa huku akimaliza darasa la nane anatahiriwa Desemba, anakaa jandoni majuma kadhaa akihudumiwa na wanaume, na akitoka si mtoto tena. Anajengewa nyumba yake ndogo ya mbao pembeni mwa boma, analala huko, anapokelea wageni wake huko. Mamake haingii humo, hata kufagia hafagii. Yeye naye akija kwa mamake anakuja kama mgeni, anakula, anashukuru, anaondoka. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alileta mbao za hiyo nyumba mwezi wa tisa na kuzipanga nyuma ya jiko langu. Nilizipita kila asubuhi nikienda sokoni, na kila asubuhi nilizichukia.

Niseme wazi kwamba sikupinga mila. Mimi ni Mmbeere wa Kiambere, na kwetu pia wavulana hutahiriwa. Nilichoogopa ni jioni. Nilijiona nimekaa pale sebuleni peke yangu, nikimjibu waziri, na hakuna anayecheka.

Ndipo nikakumbuka mashine ya gemu. Kijana alikuwa ameiomba tangu darasa la sita, na mimi nilikuwa nikimwambia tutaona. Sasa niliona. Mashine ya gemu inaunganishwa na televisheni, na televisheni iko sebuleni kwangu. Mwanamume au si mwanamume, akitaka kucheza atakuja kukaa kwenye kiti kilekile, na mimi nitakuwa kando na shati la mtu nikishona vifungo. Hata taarifa ya habari ningeiacha. Nilijiona nimewazidi akili wanaume wote wa ukoo ule, na sikujua kwamba shida yangu ndiyo kwanza inaanza.

Nilimuuliza anataka ipi. Akasema nyeusi. Siku mbili baadaye akasema, ukifikiria vizuri, nyeupe. Zina majina yake, na alinitajia mara nyingi, lakini kichwa changu kilishika rangi tu, na mpaka leo naziita hivyo. Nikamwuliza tofauti ni nini. Alinieleza kwa saa nzima, mikono ikienda huku na huku, na nilipotoka hapo nilijua kidogo kuliko nilivyojua nilipokaa. Nyeusi ina gemu ambazo nyeupe haina. Nyeupe nayo ina gemu ambazo nyeusi haina. Mpira uko kwa zote mbili, lakini sahani ya mpira, ile diski ya kutumbukiza ndani, ya nyeusi haiingii kwa nyeupe.

Nilimwuliza kama mpira ni uleule. Uleule. Wachezaji je? Walewale, na jezi zilezile. Basi kwa nini sahani ya mmoja isiingie kwa mwingine?

"Mum, ndio hivyo tu," akasema, kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgonjwa.

Kulikuwa na ya tatu pia, ndogo, yenye kioo chake yenyewe, ambayo unaweza kuibeba mkononi ukacheza popote unapotaka. Hiyo aliitaja kwa kupita tu. Mimi nikaapa kimya kimya kwamba hicho kidude hakitavuka mlango wangu.

Nilikuwa na daftari la vipimo vya wateja, la kifua na kiuno na urefu wa mkono. Nilifungua ukurasa mpya, nikachora mstari katikati, upande mmoja nikaandika nyeusi na upande wa pili nyeupe. Chini ya nyeusi niliandika: mpira, vita, magari. Chini ya nyeupe niliandika: mpira, vita, magari. Nilikaa nikiutazama ukurasa huo mpaka mteja aliyekuja kuchukua sketi akaniuliza kama nimepokea habari mbaya.

Mwezi wa kumi na moja ilinibidi niteremke Kiambere kwa kaka yangu, kwa sababu mtoto hatahiriwi kabla mjomba wake hajaambiwa kwa heshima, na mjomba akinung'unika hakuna atakayelala kwa amani. Nilimpelekea blanketi na sukari. Alipokea, akasema ameridhika, na mambo ya heshima yakaishia hapo. Kisha nikamwambia nionyeshe mashine zako, kwa maana kaka yangu ana kibanda cha gemu karibu na barabara, na vijana wa pale hutoa sarafu zao kucheza mpira huku mbuzi wakiwangoja nje.

Alikuwa na nyeusi mbili na nyeupe moja. Nilizikagua kama ninavyokagua cherehani ya mtumba. Nikagusa ubavu kuona kama inachemka, nikasikiliza mngurumo, nikageuza nyuma kutazama matundu. Kuna vijana watatu walikuwa wakicheza, na kosa nililofanya ni kuwauliza ipi bora. Mmoja alisema nyeusi, bila shaka. Wa pili akasema huyu hajui kitu, ni nyeupe. Wa tatu akasema zote zimepitwa na wakati, mtu angoje zinazokuja. Walibishana mpaka chai niliyoletewa ikapoa, na mwisho nikagundua aliyeanza na nyeusi sasa anaitetea nyeupe, na wa nyeupe amehamia nyeusi, na wote wana hasira zilezile. Niliandika katika daftari langu: wanabishana. Sikuwa na jambo lingine la kuandika.

Kaka yangu alinisindikiza kwenda barabarani. Njiani aliniuliza kwa nini sinunui ile ndogo ya kubeba, kwa sababu kijana ataingia shule ya upili, atakuwa na nyumba yake, itamfaa kila mahali. Nikamjibu kwa mkato kwamba hiyo siitaki. Akasimama.

"Dadangu," akasema, "unamnunulia mtoto ama unajinunulia?"

Nilikasirika sana. Nilimwambia kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kulala nyumba yenye mtu mmoja, ana mke na watoto sita na mbuzi wasiohesabika, kwa hiyo asinifundishe. Nilipanda gari bila kumuaga vizuri, na nilijilaumu kwa hilo njia nzima, huku nikiendelea kukasirika.

Desemba ilipoingia, kijana akachukuliwa kwenda kukaa jandoni kwa shemeji, na zile mbao za nyuma ya jiko langu zikasimamishwa kuwa nyumba. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nimechelewa, kwa kuwa sikuwa nimekata shauri kati ya nyeusi na nyeupe, na sasa sikuweza kumwona wala kumsemesha. Nilipika uji na nyama na mukimo wa viazi na mahindi, vijana waliokuwa wakimhudumia wakaja kuvichukua langoni. Nikampa mmoja wao ujumbe amwulize, kwa siri, nyeusi au nyeupe. Kesho yake jibu likaja na sufuria tupu.

"Amesema yoyote ni sawa," yule mjumbe akaniambia. "Lakini isiwe ile."

Nikauliza ile ipi. Akakuna kichwa. Alisema kwamba njiani aliikumbuka, lakini alikutana na watu wakaongea, ikamtoka. Nikamrudisha akaulize tena. Siku hiyo walikuwa wamebadilishana zamu, akaja mwingine, naye akasema hajaambiwa chochote isipokuwa uji uongezwe sukari.

Nikapiga moyo konde, nikaenda Makutano. Kwa siku mbili nilizunguka maduka manne ya vitu vya umeme, na katika kila duka niliambiwa jambo jipya. Katika la mwisho nilimkuta msichana wa rika la binti yangu wa pili, mpole, mwenye subira ya muuguzi. Aliziweka zote mbili mezani mbele yangu. Hii ina terabaiti moja, akasema, na hii ina giga mia tano, lakini hii ndiyo iko na spidi. Nikamuuliza spidi ya kwenda wapi. Akaniangalia kidogo, kisha akaanza upya, pole pole, na nikamwona anavyojitahidi, na maneno yake yakapita juu ya kichwa changu moja baada ya jingine.

Ndipo nikaitoa futi shingoni. Nikapima upana, nikapima kimo, kisha nikaziinua moja moja nikizipima uzito mikononi. Wateja wengine waliacha walichokuwa wakifanya.

"Auntie, unapima nini?" msichana akaniuliza.

Nilimwambia napima kama itatosha kwenye stuli yangu. Huo ulikuwa uongo. Nilikuwa natafuta ile iliyo nzito zaidi, ile ambayo mtu hawezi kuitia kwapani akatoka nayo. Baada ya miezi mitatu ya kuuliza, hicho ndicho kipimo pekee nilichobaki nacho. Nyeupe ilikuwa nzito kuliko nyeusi. Nikasema nipe nyeupe.

Kabla ya kuifunga aliomba kuona televisheni itakayotumika. Nilikuwa na picha yake kwenye simu, mbele na nyuma, kwa sababu duka la kwanza walinituma nyumbani kuipiga. Aliikuza kwa vidole, akaniambia tundu liko, itaingia, lakini hizi televisheni za zamani zina tabia yake. Ukiizima, ikiwaka tena inarudi kwenye antena. Kila ukitaka kucheza lazima uihamishe kwa rimoti.

"Kwa hivyo usipoteze rimoti, Auntie. Bila hiyo mashine haina kazi."

Hilo nililielewa. Katika yote niliyoambiwa tangu mwezi wa tisa, hilo peke yake liliingia kichwani likakaa.

Nilirudi nyumbani nikaliweka boksi kwenye stuli chini ya televisheni, nikalifunika kitambaa nilichokidarizi mwenyewe. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Siku ya kutoka jandoni nisiseme kitu. Kijana atakuja kunisalimu, ataona, atakaa. Ilikuwa mashine ya nyumbani, si zawadi ya mtu. Ningeufuata mpango huo, leo nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Siku yenyewe boma la shemeji, ambalo si mbali na langu, lilijaa. Kijana alitoka amevaa suti niliyomshonea, amenenepa, ana sauti nyingine, na alinisalimu kwa mkono kama mwalimu mkuu. Zawadi zikaanza kutajwa. Mjomba wake kutoka Kiambere alimpa mbuzi, akaniangalia, nikaangalia kando. Kisha akasimama mke wa shemeji, ambaye tangu niolewe amekuwa akinipima kwa macho, akatangaza godoro na mablanketi mawili, na wanawake wakapiga vigelegele. Alipokaa alinigeukia akauliza, kwa sauti ya kusikika na watu wa nyuma, mama mzazi ameleta nini.

Nilikuwa nimeleta sanduku la shule. Lilikuwa hapo, limepakwa rangi, linatosha kabisa. Lakini kiburi kilinipanda nikasahau kila kitu, nikamtuma binti yangu mkubwa akalete boksi lililo sebuleni, na likafunguliwa mbele ya watu. Vigelegele vilivyopigwa hapo vilifunika vile vya godoro. Nilifurahi. Nakiri kwamba kwa kama dakika mbili hivi nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Shemeji alikuja akaigonga kwa kidole. Akauliza kama inawaka yenyewe. Nikajibu, huku bado natabasamu, kwamba hapana, inaunganishwa na televisheni.

"Televisheni gani?"

"Ile iliyo kwangu."

Akatikisa kichwa taratibu, mzee wa watu, bila ubaya wowote. Akasema zawadi inayotolewa hapa ni ya mwanamume huyu, inakaa nyumbani kwake, na kwa kuwa haiwaki yenyewe, ni wazi mama ametoa zote mbili. Watu wakapiga makofi. Kaka yangu wa Kiambere peke yake hakupiga.

Nilijua. Miaka ishirini na mbili nimeolewa Meru, nimeona majembe na mbuzi na baiskeli zikitolewa siku ya namna hiyo, na sijawahi kuona hata kimoja kikilala kwa mama. Nilikuwa nimeshughulika na uzito na upana na matundu ya nyuma mpaka jambo nililolijua miaka yote likanitoka. Ningeweza kukataa, na labda wangenisikiliza, lakini mwanangu alikuwa amesimama pale na suti yake, na ningemwaibisha siku aliyoitwa mwanamume. Nikafungua mlango wa nyumba yangu mwenyewe. Vijana wanne waliibeba televisheni kama wanavyobeba mgonjwa, na mimi ndiye niliyechomoa waya wa antena ukutani.

Jioni hiyo nilikaa kwenye kiti changu nikitazama ukuta. Palikuwa na alama ya mraba ambapo rangi haikufifia, na kitambaa changu kilikuwa kimekunjwa juu ya stuli. Niliwasikia wakicheka kule kwenye nyumba ya mbao, hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu. Nililia, na sikujificha kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumficha.

Baada ya muda kicheko kilipungua. Nikasikia wakibishana, kisha hatua uani, kisha hodi ikabishwa mlangoni. Kijana yule hakuwahi kubisha hodi nyumbani kwangu tangu azaliwe. Nilifuta uso nikamwambia aingie, lakini alisimama kizingitini.

"Mum, samahani. Inaonyesha chenga tu. Rimoti iko wapi?"

Nikatia mkono mfukoni mwa aproni. Ilikuwa pale, pamoja na chaki. Nikamwelekeza kama nilivyoelekezwa, kwamba ikiwaka inarudi kwenye antena, na kila siku itabidi aihamishe. Akaichukua kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda. Nilisikia kelele za mashabiki wa mpira zikianza kule, na nikajiuliza kwa nini sikumwambia imepotea.

Asubuhi aliirudisha. Sikuwa nimemwambia airudishe. Aliiweka juu ya stuli, akauliza nimeamkaje, akaenda kulisha mbuzi wake. Jioni akabisha hodi tena akaiomba, na asubuhi iliyofuata akairudisha. Ikawa hivyo kila siku. Wakati mmoja alinieleza, kwa adabu, kwamba ile aliyokuwa amekataza kutoka jandoni ilikuwa nyeupe, kwa sababu marafiki zake wote wana sahani za nyeusi. Alisema si kitu, ameizoea. Nikampa chapati.

Zilipotimia wiki mbili hivi nilijiona mchoyo. Nilijiambia kwamba mwanamume mzima hawezi kuomba rimoti kwa mamake kila jioni kama anayeomba chumvi, vijana watamcheka. Jioni hiyo alipobisha hodi nilimwambia aichukue moja kwa moja, akae nayo, si lazima arudishe. Nilikuwa nimefungua redio kusikiliza taarifa ya habari, na nilisema hayo bila kumtazama, nikishona kifungo.

Aliishika kidogo, akaigeuza, kisha akairudisha juu ya stuli.

"Huko itapotea," akasema. "Wacha ikae kwako."

Nilingoja aondoke. Hakuondoka. Akavuta kile kiti chake cha zamani, akakaa, akaniuliza waziri amesema nini leo.